Aliyeinama Chini ya Piano

Inspekta Rael Nyasani alikuwa amevaa buti za kwendea Kenyenya, ambako ng'ombe wa watu walikuwa wameibwa, lakini mkuu wa kituo alimzuia mlangoni. Sasa alikuwa amelala chali chini ya piano. Jumapili asubuhi, katikati ya mji wa Kisii, mtu mzima mwenye cheo chake, chali chini ya piano! Mama yake kule Nyamira angemwona angeuliza kama ndiyo kazi aliyosomea.

"Tochi," alisema.

Fundi wa piano aliyeletwa kutoka Nairobi akainama, akampa. Kwenye mwanga wake Nyasani aliona vifimbo vitatu vya shaba, kila kimoja kikiunganisha pedali moja na mitambo ya juu. Kile cha kulia kilikuwa vipande viwili. Alikishika kipande cha chini, akakigeuza polepole. Sehemu kubwa ya mvunjiko ilikuwa laini na imenyooka. Upande mmoja tu, mwembamba, ndio uliokuwa umechanika. Alipitisha ukucha pale palipo laini, ukatoka na nta.

"Hiki hakikuvunjika chenyewe," alisema akijikokota kutoka. "Kimekatwa na msumeno wa chuma. Hakumaliza kukata, akaziba mkato kwa nta ya mshumaa, akaenda zake."

"Kilinivunjikia mimi, nikiipima," fundi alisema. Uso wake bado ulikuwa wa mtu aliyevunja sahani ya mwenyewe. "Nilikanyaga kwa nguvu mara mbili tatu, nikasikia kah!"

"Na usingekipima?"

"Kingesubiri mchana. Kingemvunjikia yule anayeanza, mbele ya watu wote."

"Anayeanza ni nani?"

"Karan. Mjukuu wa wenye shindano. Walipiga kura ya nani aanze Ijumaa mchana."

Nyasani alijipangusa mgongo. Shindano hili alilijua kama kila mtu wa Kisii alivyolijua, yaani kwa nje. Kila mwaka wageni walijaa hotelini, mabango yakatundikwa, na ukumbi wa jumuiya ya Wahindi ukatoa sauti ambazo wauza ndizi wa nje walizizoea kama walivyozoea mvua. Leo, mwaka wa tisini na nne, ilikuwa fainali. Majaji walikuwa wametoka Budapest na Bombay, na mshindi angepewa nafasi ya kusoma muziki Vienna. Zaidi ya hapo hakujua kitu, na hilo lilimkera.

Mlango ulifunguliwa kwa kishindo. Mzee Indravadan, mwenye duka kubwa la vifaa vya ujenzi na mwenyekiti wa shindano, aliingia bila viatu. Watu wote wa ukumbi huo waliviacha kizingitini, isipokuwa polisi.

"Inspekta, kwa nini bado unahangaika na piano? Mtu tunamjua! Msichana wa Suneka, Valentine. Abner amemwona. Saa nane watu wanakaa vitini. Kabla ya hapo nataka jina lake litoke, na wewe umchukue."

"Mzee, polisi hapa ni nani, mimi au wewe?"

"Wewe, wewe," alisema, akishusha sauti kidogo. "Lakini sheria yetu iko wazi. Mwaka wa sitini na nane mwalimu mmoja alipachika pini kwenye vibonyezo ili mwanafunzi wa mwenzake aaibike. Tangu siku hiyo, mshindani akigusa piano kwa hila, yeye au jamaa yake au mwalimu wake, mshindani anatoka. Hapana rufani. Mke wangu mwenyewe, Hemlata, ndiye alitunga."

"Na pedali ikikatika mtu akiwa katikati ya wimbo?"

"Akisimama, amekwisha. Hapana kuanza upya. Hiyo pia ni yake. Hemlata alikuwa mkali sana."

Kwa hiyo aliyekata alizijua sheria. Nyasani alimwambia mzee amlete Abner, na akamwomba yeye mwenyewe asubiri nje. Hilo mzee hakulipenda hata kidogo.

Abner, mtunza ukumbi, alikuwa shemasi wa Kanisa la Waadventista, mtu wa kunyoosha kola kabla ya kusema neno. Nyasani alikuwa Msabato mwenzake, kwa hiyo walisalimiana kwa Ekegusii, wakaulizana habari za Sabato, kisha wakarudi kwenye Kiswahili cha kazi.

"Ijumaa jioni, afande, mimi nilikuwa nakimbia nyumbani. Jua linaenda, mvua inanyesha, sitaki Sabato inikute njiani. Nikapita hapo nje, karibu na dirisha. Stima ilikuwa imepotea, mshumaa mmoja tu unawaka sakafuni. Nikaona mtu anatoka chini ya piano."

"Mwanamke au mwanamume?"

"Amejifunika kichwa na shuka. Nikasema ni mwanamke. Akaguswa na mguu wa piano, hapana, yeye ndiye aliugonga. Akainama, halafu akafanya ile yao." Abner alijigusa paji la uso na kifua, upesi, kama mtu anayeogopa kupakwa masizi. "Ile ya Wakatoliki."

"Mbona hukuingia ukamuuliza?"

"Sabato, afande! Ningeingia, tungeanza kesi, jua lizame tukibishana."

"Na jana?"

"Jana si ilikuwa Sabato?"

Nyasani hakuwa na la kumlaumu. Hata yeye jana angekuwa kanisani. "Kati ya washindani, Mkatoliki ni nani?"

"Huyo wa Suneka peke yake. Na ndiye alifanya mazoezi ya mwisho Ijumaa. Mimi nilimwachia ufunguo afunge, aupeleke dukani kwa Mzee."

Mambo yalikaa sawa, moja juu ya jingine. Mshindani alikuwa peke yake ukumbini, akiwa na ufunguo mkononi na sababu ya kumwangusha mwenzake, kisha akafanya ishara ya dini yake. Hata nta ilikuwa ya mshumaa, na Mzee Indravadan kule nje alikuwa tayari ameanza kuwaambia majaji kwamba ni mshumaa wa kanisani. Upuuzi mtupu. Kisii nzima ilinunua mishumaa, maana stima yenyewe ilikuwa ya kuja na kuondoka ikijisikia.

Valentine Obwocha aliletwa kwenye chumba cha nyuma pamoja na mama yake, Gesare. Msichana alikuwa na gauni jeupe lililopigwa pasi, na alikaa mikono ikiwa chini ya mapaja. Mama alikuwa na tope la shambani kwenye pindo la nguo. Watawa wa misheni ndio waliomfundisha Valentine, kwenye piano ya shule yenye vibonyezo vinne bubu. Tangu shindano lianze mwaka wa sitini na moja, hakuna mtoto wa Gusii aliyewahi kufika fainali.

"Ijumaa ulifanya nini ulipomaliza mazoezi?"

"Nilifunga, nikapeleka ufunguo dukani."

"Mvua ilikuwa imeanza?"

"Yaya, hapana. Bado. Ilinikuta stendi, nikingoja gari la Suneka."

"Ufunguo ulimpa nani?"

"Mama Hemlata. Nilimpa mkononi. Akaniambia nikale vizuri, mikono yangu ni myembamba."

"Una shahidi?"

"Shahidi wa nini? Wa kuambiwa nikale?" Machozi yalimtoka sasa. "Afande, mimi sijui hata pale chini kukoje. Kwa nini nivunje? Karan ndiye aliyenionyesha jinsi ya kuikanyaga hiyo pedali. Kule shuleni hatuna!"

Alifunga macho, akajifanyia ishara ya msalaba. Nyasani aliona, akasikitika, akaona kwamba ni kweli, msichana anayo mazoea hayo. Hakuona zaidi ya hapo. Alikuwa ameishi karibu na Wakatoliki maisha yake yote na hakuwahi kuwatazama sawasawa wakiomba.

Gesare alimsindikiza Nyasani mpaka mlangoni. "Mama," alisema kwa sauti ya chini, "ukimfunga leo hata kama ni bure, watasema mpaka nife kwamba binti yangu alivunja kitu cha Wahindi. Uangalie vizuri. Nakuomba kwa Mungu wangu na wako."

Nje kijana mmoja mwembamba alikuwa ameketi ngazini, vidole vikichezacheza juu ya magoti. Alisimama alipomwona Nyasani. "Inspekta, mimi ni Karan. Si Valentine. Babu ameshikwa na hasira tu."

"Unajuaje?"

"Angetaka kunishinda angenishinda kwa kupiga. Anaweza. Hilo ndilo linalonikosesha usingizi." Alicheka kidogo, akaketi tena, vidole vikarudi magotini.

Nyasani alirudi ukumbini akiwa na hasira asiyojua aielekeze wapi. Fundi alikuwa amekipeleka kifimbo kwa mchomeaji vyuma wa jua kali, nyuma ya soko, kikaungwe. Vijana walikuwa wanapanga viti kwa kelele. Mwisho wa ukumbi, mbele ya ukuta wa picha, alisimama Mama Hemlata, mwanzilishi wa shindano, mfupi, amejitanda shali ya rangi ya udongo. Kila picha ilikuwa ya mshindi mmoja amesimama kando ya piano ileile.

"Nilisikia ilikuja kwa meli," Nyasani alianza.

"Kutoka Bombay mpaka Mombasa. Halafu treni mpaka Kisumu, halafu lori. Dereva alikuwa analala juu yake usiku wanyama wasiikwaruze." Alizungumza bila kugeuka. "Baba yangu alisema, unaenda kuolewa porini, utampigia nani? Nikasema nitawaita watu. Mwaka wa kwanza walikuja watano. Kisumu, Kampala, Mwanza, mmoja Bombay, mmoja alikuwa mke wa daktari. Sasa angalia."

"Wako wapi hawa washindi?"

"Huyu yuko London. Huyu Toronto. Huyu wa Kampala alikwenda Vienna kabla Wahindi hawajafukuzwa kule, hakuwaona wazazi tena. Huyu alikuwa anaandika kila Diwali, akaacha. Huyu sijui. Mama yake alikuwa jirani yangu hapa, alikufa akimuulizia." Aliwapitia wote, mmoja mmoja, na kwa kila mmoja alijua alikokwenda na nani alibaki.

"Ijumaa Valentine alikuletea ufunguo?"

"Ndiyo. Kabla ya mvua."

Nyasani alisimama tuli. "Mama! Mbona hukusema asubuhi, watu walipokuwa wanamsema mtoto wa watu?"

"Hakuna aliyeniuliza."

Kama ufunguo ulirudi kabla ya mvua, na aliyeonekana alionekana mvua ikinyesha, basi Valentine hakuwa na njia ya kuingia. Nyasani alifungua mdomo aulize ufunguo ulikwenda wapi baada ya pale. Mama Hemlata akageuka kuondoka, akapita kando ya piano, na vidole vya mguu wake vikagonga mguu wa chombo. Aliinama papo hapo. Alipagusa palipogongwa kwa ncha za vidole, akajigusa paji la uso, kisha kifua. Hakufikiri hata kidogo. Ilikuwa kama mtu anayesema samahani kwa kumkanyaga mwenzake.

"Hiyo ni nini, mama?"

"Nini?"

"Hiyo. Uliyofanya sasa hivi."

"Ah. Mguu umegusa. Ala ya muziki ni ya Saraswati, mama wa elimu. Ukiigusa kwa mguu lazima uombe radhi. Kitabu pia. Watoto wetu wote wanafundishwa."

Nyasani alitoka mbio mpaka wale vijana wa viti wakamkodolea macho. Alimkuta Abner akifagia baraza.

"Abner, yule mtu wa Ijumaa. Nifanyie tena alivyofanya. Polepole. Kuanzia chini."

Abner aliegemeza ufagio. Aliinama, akagusa sakafu, akagusa paji la uso, akagusa kifua.

"Halafu bega hili na hili?"

"Mabega?" Abner alifikiri. "Yaya. Mabega hakuna. Nilisema labda alikuwa na haraka."

"Na kule kugusa chini kwanza? Umewahi kumwona Mkatoliki akigusa chini?"

"Afande, mimi nitawaonea wapi Wakatoliki wakiomba?"

Nyasani angecheka kama na yeye mwenyewe asingekuwemo. Wasabato wawili watu wazima, wazaliwa wa hapa, walikuwa karibu kumvunja mtoto wa watu kwa sababu mmoja aliona nusu ya ishara na mwingine akamalizia kwa kichwa chake. Aibu ilimpanda mpaka masikioni. Msalaba wa Valentine aliuona kwa macho yake, mpaka mabegani, na bado hakuuona!

Sasa hesabu ilikuwa fupi. Aliyeomba radhi kwa piano alikuwa wa nyumba ile, na waliokuwa na mazoea hayo wakiwa karibu na ufunguo walikuwa watatu. Mzee alikuwa na majaji hotelini Ijumaa yote jioni. Karan asingejikatia pedali yake mwenyewe. Aliyebaki alikuwa na ufunguo mkononi, shali mabegani, na duka zima la misumeno.

Alimkuta Mama Hemlata palepale, ameketi kwenye kiti cha piano. Nyasani alivuta kiti, akakaa karibu, magoti yao yakakaribia kugusana.

"Mficha uchi hazai, mama. Tuseme."

Kikongwe hakushtuka. "Abner aliniona?"

"Alikuona ukiomba radhi."

"Bure kabisa," alisema, akikasirika, si kwa Nyasani bali kwa mguu wake. "Nilikuwa nimemaliza. Nilikuwa nainuka."

"Msumeno?"

"Wa dukani. Nimekaa kwenye duka la chuma tangu niolewe, unadhani sijui kukata shaba?"

"Kwa nini? Mjukuu wako mwenyewe!"

Mama Hemlata alielekeza kidevu kwenye ukuta wa picha. "Kila mwaka nilisimama pale nikapiga makofi. Mama za watu walikuwa wanalia. Nilidhani ni furaha, nikawaletea chai. Karan wazazi wake walikufa barabarani, nimemlea mimi. Wiki nzima namsikia akifanya mazoezi, na mimi nina masikio, Inspekta. Atashinda. Atakwenda Vienna, mwaka wa kwanza ataandika, na mimi nitakufa nikimuulizia. Nilitaka asimame tu katikati ya wimbo. Si kitu kikubwa. Angelia siku mbili, angebaki."

"Na Valentine?"

"Sikumtaja Valentine."

"Ulinyamaza wakimtaja! Asubuhi nzima!"

Mama Hemlata alianza kukunja pindo la shali, akalikunjua, akalikunja tena. Nyasani alimwambia ukweli wote, kwamba mbele ya hakimu hakuwa na kitu. Kugusa paji la uso si ushahidi, na neno la ufunguo lilikuwa la Hemlata mwenyewe. "Nikitoka hapa bila neno lako, Mzee anafuta jina la yule msichana. Ni wewe tu."

"Nikisema, Karan anatoka. Jamaa wa mshindani. Niliitunga mimi."

"Najua."

Mvua ndogo ilikuwa imeanza kugonga mabati. Nje wageni walikuwa wakishuka kwenye magari, wakicheka, wakiuliza viatu viachwe wapi. Mama Hemlata aliinuka, akazunguka piano mara moja kama anayetafuta kitu, akarudi. "Mama yake yule msichana yupo? Niitie."

Gesare aliingia akiwa ameshika viatu vyake mkononi. Mama Hemlata alimsogelea.

"Mtoto wako akishinda, anakwenda mbali. Unajua?"

"Najua."

"Huogopi?"

"Naogopa sana," Gesare alisema. "Ningekuwa nimelima leo. Nimekuja nimsikie, kwa sababu labda sitamsikia tena."

Mama Hemlata alitikisa kichwa kukubali, kisha akapita mlangoni, na Nyasani akamfuata nyuma yake. Kwenye baraza walikuwepo Mzee Indravadan, majaji wawili, fundi mwenye kifimbo kilichoungwa, na Valentine ukutani na gauni lake jeupe. Karan alikuwa bado ngazini. Kikongwe alisema kwa Kiswahili ili wote waelewe, na alisema wima, bila kujipunguzia. Ni mimi. Msichana hana kosa. Sheria yangu inajulikana. Mzee Indravadan alishika nguzo ya baraza kwa mikono miwili, akamwita mke wake kwa jina, akaliita tena kana kwamba halikuwa lake.

Jaji wa Budapest alipotafsiriwa maneno hayo, alikuna shavu, akauliza kama kuna njia nyingine. Mama Hemlata akasema hakuna. Jina la Karan likatolewa. Valentine alianguka begani mwa mama yake, akilia kwa sauti, na hakuna aliyemkataza.

Karan alisimama. Vidole vyake vilikuwa vimetulia kwa mara ya kwanza siku ile.

"Ulitaka nibaki?"

"Nilitaka ubaki," nyanya yake alisema. "Sasa utabaki."

"Dadi, nyanya yangu, mimi nilikuwa nafanya mazoezi kwa ajili yako. Ungeniomba nibaki, ningebaki." Alivaa viatu vyake taratibu, kimoja kisha cha pili, akifunga kamba vizuri. "Sasa ninaondoka. Si Vienna. Popote."

Alishuka ngazi akaingia kwenye mvua, akielekea stendi, bila mwavuli. Mama Hemlata aliita mara moja. Ndani ya ukumbi fundi alikuwa amekwisha kurudisha kifimbo mahali pake, na mtu fulani alikuwa anauliza ni nani anayeanza.